Kanyaga, Mama: Siku Tuliyofunga Masta Mpya ya Breki

Gari langu limenizidi umri. Ni saluni ndogo ya milango miwili, rangi ya maziwa, niliyoinunua kwa jirani mstaafu hapa Mtoni. Mie ni mwalimu wa fizikia, na nilipolileta nyumbani niliapa kulitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Mume wangu alicheka, akanikabidhi suruali yake kuukuu ya kazini.

Breki zake zilikuwa na masta ya chumba kimoja. Masta ndiyo ile pampu iliyo mbele ya pedali. Ukikanyaga, inasukuma mafuta mpaka kwenye magurudumu yote manne. Ubaya wake, paipu moja tu ikipasuka, huna breki hata ya dawa. Hilo nililijua kichwani tu, mpaka siku niliyokuwa narudi sokoni na matikiti mawili kwenye kiti cha nyuma. Nilikanyaga, pedali ikazama hadi sakafuni. Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote, nikaishia kwenye lundo la mchanga wa mtu anayejenga. Tikiti moja likaja mbele kunisalimia.

Nikaamua: naweka masta ya vyumba viwili, magurudumu ya mbele yawe na chake na ya nyuma chake. Niliipata kwenye duka la spea za mtumba, imetoka kwenye gari la kisasa zaidi, nikaibadilisha mipira yote ya ndani. Matundu ya kufungia yakakataa kulingana. Mchomeleaji wa mtaani akanichongea kipande cha chuma cha kati, mara ya kwanza kikiwa kimegeuzwa, mara ya pili sawasawa. Jumamosi ile asubuhi kila kitu kilikuwa kimefungwa. Ilibaki kutoa upepo kwenye paipu, na hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini anafungua na kufunga nati ya kutolea upepo kwenye kila gurudumu.

Fundi aliyeahidi kunisaidia akapiga simu. Amefiwa, yuko stendi ya Mbezi Luis anasubiri basi la kwao. Nikampa pole. Mume wangu alikuwa zamu. Nikajilaza uvunguni nikitafakari nimwite nani.

"Hodi hapa!"

Sauti ya mama mkwe, anayekaa mtaa wa pili. Yeye ni mtu wa pwani haswa, mie nimetoka Upareni, na kwa miaka minne ya ndoa tulikuwa tumeheshimiana kupita kiasi. Tukishaamkiana tulikuwa tunakaa kimya kama wagonjwa kwenye foleni ya daktari.

"Karibu mama, shikamoo!"

"Marahaba. Uko wapi?"

"Chini ya gari, mama."

Miguu yake ikasogea haraka.

"Limekukanyaga?"

Nikatoka nikijipangusa, nimevaa suruali ya mwanawe, nimejaa grisi mpaka sikioni. Yeye kasimama na bakuli la visheti. Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikamweleza shida yangu yote, vyumba viwili, upepo, fundi aliyefiwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka bakuli juu ya ndoo, akavua viatu.

"Pedali ni ipi?"

"Ya katikati, mama. Nikisema kanyaga, unakanyaga taratibu. Nikisema achia, ndiyo unaachia. Usiachie kabla."

Nikaanza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta. Nikachomeka mpira mwembamba kwenye nati, ncha ya pili ndani ya chupa yenye mafuta ya breki.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

Nikafungua. Mapovu yakatoka, bububu, chupani. Nikafunga.

"Achia!"

"Nimeachia!"

Tulipofika mara ya kumi alikuwa anaimba. Nimekanyagaaa, nimeachiaaa, na kanga yake imeshuka mabegani. Muuza samaki akapita getini, akamwita mama kama kawaida yake.

"Usinisemeshe!" akamfokea. "Natoa upepo!"

Muuza samaki akaangua kicheko. Mama naye akacheka, mguu ukateleza, pedali ikarudi juu wakati nati iko wazi, mpira ukachomoka chupani, na hewa ikavutwa upya ndani ya paipu. Nilitaka kulia, lakini kicheko kikanitoka badala yake, nikacheka uvunguni peke yangu mpaka nikajigonga paji la uso. Yeye akainama, kichwa chini, akanichungulia.

"Nimeharibu?"

"Tunaanza upya, mama."

"Basi anza, mie miguu ninayo!"

Tukamaliza gurudumu la mwisho adhuhuri imeshaingia. Alikanyaga mara moja, akanitazama, macho yamemtoka. Pedali ilisimama juu, ngumu kama jiwe.

Nilizungusha gari uani kwanza, taratibu, nikajaribu mara tano, nikakagua kila paipu kama inavuja. Kavu. Ndipo nikafungua geti. Mama alishakaa kiti cha mbele.

Pale mtaani nikakanyaga. Gari likasimama palepale, limenyooka, bila kuvuta upande.

"Tena!" akasema.

Tukasimama mbele ya duka. Tukasimama mbele ya msikiti. Tukasimama mbele ya kila jirani anayemfahamu, naye anashusha kioo, "Breki hizo! Nimezitengeneza na mwanangu!" Huyo mwanangu ndiye mie. Nikapiga honi kwa furaha.

Tukamkuta mume wangu anatoka zamu, anatembea na begi lake begani. Nikasimama hatua moja kutoka kwenye kiatu chake. Akamtazama mama yake, akanitazama mie na grisi yangu, akashika mlango wa upande wa mama yake.

"Panda nyuma," mama akamwambia. "Huku kuna fundi."