Pasta Marcellin Anatembea Nyuma

Watu wa Bunia walisema vita vimeisha. Pasta Marcellin hakuwabishia. Lakini pikipiki ikitoa mlio kama risasi barabarani, pale kambi ya wakimbizi yeye ndiye wa kwanza kulala chini.

Alizaliwa upande wa Bule, mtoto wa wakulima. Maharagwe aliyajua, ng'ombe hakuwahi kuchunga. Uchungaji aliutoa kwenye Biblia tu: mchungaji hutangulia, kondoo humfuata. Basi wanawake wa kanisa walipoogopa kwenda kuni, maana watu wa mapanga walimkimbiza mmoja wao kule nyuma ya kilima, alisimama Jumapili akasema, "Kesho nitatangulia mimi." Akaketi upesi.

Mke wake, Scholastique, angemcheka kwanza, kisha angemfungia mihogo ya njiani. Hayupo tena. Pasta aliondoka na njaa.

Wanawake walikuwa kumi na wawili. Walikata kuni, hakuna aliyeimba. Wakati wa kurudi, ndege wakaruka wote pamoja kutoka vichakani. Pasta akaongeza mwendo, macho mbele, mpaka nyumba za kwanza za mji. Hapo ndipo alipogeuka. Kumi na mmoja.

"Mama Suzanne iko wapi?"

Wakatazamana. Martine, mmoja wao, akasema, "Pasta, weye ulikuwa mbele. Nani alikuwa anaangalia nyuma?"

Pasta akahesabu tena.

"Muende nyumbani," akasema, sauti nyembamba. Akarudi peke yake. Kila kisiki kilikuwa mtu aliyechuchumaa. Alikojoa mara mbili njiani.

Alimkuta Mama Suzanne, bibi kizee, ameketi kando ya njia, kamba ya mzigo imekatika, mdomo ameuziba kwa kitenge asisikike akilia.

"Umerudi?"

"Nimerudi, mama."

"Ulikimbia sawa mbuzi!" Baba yake mama huyu alikuwa mfugaji wa ng'ombe. "Kwetu muchungaji anatembeaka nyuma. Ile yenye kuchoka, anaiona. Mbele kuko nini? Ngombe inajua njia ya nyumbani."

Pasta akaunga kamba. Fundo likamshinda mara tatu. Majani yakatikisika nyuma yao. Hakuna aliyegeuka.

"Tangulia, mama."

"Na weye?"

"Mimi nyuma."

Akatembea hivyo, shingo baridi, akingoja panga kila hatua, macho yake kwenye visigino vya mama vilivyopasuka.

Mpaka leo, Jumatatu ya kuni, wanawake hutangulia. Yeye hufuata. Anaogopa vilevile. Lakini visigino vyote anaviona.