Ndimu ya Pili

Mimi sikumuua mume wangu kwa ndimu. Nnaanza na hilo kwa sababu ndilo shitaka lililoletwa nyumbani kwangu Kikwajuni, na aliyelileta ni mwanangu wa kumzaa.

Mume wangu alikufa kwa figo. Presha ilimwandama miaka mingi, na vidonge alivimeza siku alizotaka mwenyewe. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Kitu ambacho hakukiacha hata siku moja ni urojo wangu, ule mchuzi mzito mchachu wa embe. Nikishampa bakuli lake, bajia ndani, viazi ndani, chatini ya nazi juu, ananyoosha mkono bila ya kunitazama: "Ndimu ya pili iko wapi?" Moja haikumtosha.

Mwaka mmoja baada ya msiba, binti yangu, anayefanya kazi kwenye ofisi ya hoteli huko Mji Mkongwe, akaja na karatasi ndefu aliyoitoa kwenye mtandao. Upande mmoja vyakula vya asidi, ati vinachachusha damu: samaki, nyama, wali, mkate, kahawa. Upande wa pili vya alkali, vya kuituliza: matango, mchicha, tikiti. Ndimu nayo iliandikwa huko kwenye alkali, lakini yeye kaifuta kwa kalamu nyekundu.

"Kitu kikali vile, Mama, kitatulizaje damu?"

"Hebu ngoja. Kaandika nani hiyo?"

"Wataalamu."

"Wa wapi?"

Akaikunja ile karatasi. Kisha akalitoa lililokuwa moyoni. "Baba kala asidi miaka thelathini, Mama. Mkononi mwako."

Toba! Nilitaka kumtoa nje na karatasi yake. Lakini macho yake yalikuwa yashajaa machozi, nikajua kabakiwa na mzazi mmoja tu na anaogopa. Nikasema haya, n'takula hayo matango. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Wiki tatu! Mie, mtu wa Unguja, bahari imenizunguka pande zote na samaki wake, nimekaa natafuna tango kama mbuzi. Kila asubuhi nachovya kwenye mkojo kijikaratasi cha kupimia asidi alichoniletea, na kila jioni anapiga simu. "Rangi gani leo?" Njano. Njano maana yake asidi. Namsikia anavyoshusha pumzi, na mimi ndiye mkosa.

Basi nikafanya ya jikoni. Nani hapa asiyejua magadi? Unatia kidogo kwenye maharage yakalainika, na ukiyatia kwenye kitu kichachu, uchachu unakufa. Nikasema, kama yanauweza ukwaju, tumbo langu litayashinda? Nikakoroga kijiko kwenye gilasi ya maji, nikafumba macho, nikanywa. Kesho yake kijikaratasi kikawa kijani, cha keshokutwa kikawa buluu. Mwanangu alilia kwa furaha kwenye simu. Nami nikaendelea, kijiko asubuhi, kijiko jioni, na sikumwambia mtu.

Siku ya tisa ya magadi ndara hazikuingia miguuni. Miguu imevimba, kichwa kinagonga. Binti yangu akanikimbiza hospitali. Daktari alikuwa mwanamke wa rika lake, akanipima presha mara mbili, ya kwanza hakuiamini.

"Mama, unakula nini siku hizi?"

"Matango."

"Na nini tena?"

Nikamtazama mwanangu, nikasema, "Na magadi."

Wallahi, sijapata kuona aibu kama ile. Daktari hakucheka. Akasema magadi yana sodiamu kama chumvi, na kwa mtu mwenye presha iliyopanda kama yangu ni kutafuta balaa. Akamgeukia binti yangu. "Chakula hakigeuzi damu ikawa asidi au alkali, dada. Damu inalindwa na mapafu na figo, usiku na mchana. Kinachobadilika ni mkojo, na karatasi yako inapima mkojo tu."

Mwanangu akauliza kwa sauti ndogo, "Na ndimu? Baba alikuwa akila mbili kila siku."

"Ndimu inaweza kumletea mtu kiungulia. Figo zinaliwa na presha isiyotibiwa."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alitazama dirishani. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na haki nayo.

Uvimbe wa miguu uliposhuka, nikaingia jikoni kwangu. Vidonge vya presha alivyonipa daktari nameza, chumvi nimepunguza, kwa sababu hayo ni ya kweli. Lakini embe bichi nilichemsha, manjano nikatia, urojo ukachemka mpaka nyumba nzima ikanukia. Nikamwita binti yangu. Akaja, akakaa mbele ya bakuli, na jamani, akatoa kijikaratasi mkobani akakichovya.

"Mama, kimekuwa chekundu."

"Naam, chekundu! Ni urojo, ulitaka uwe maji ya mfereji? Sasa nisikilize. Baba yako nilimpikia kwa mapenzi, kila siku aliyokuwa hai. Simuombi radhi mtu yeyote kwa hilo. Si wewe, wala karatasi yako."

Akakiweka kijikaratasi chini. Akashika kijiko, akala, kamasi zinamtoka, sijui kwa pilipili au kwa kilio. Bakuli lilipofika nusu, akanyoosha mkono bila ya kunitazama.

"Ndimu ya pili iko wapi?"

Nilikuwa nshaikata.