Biti ya Mweupe ya Mama Fidélie

Alphonsine wa Kikula, mama ya Fidélie, alikuwaka anasamehe Mungu peke, na Mungu yeye tena polepole.

Jirani yake Adrienne, mama ya Simone, aliombaka kichungi yake ya bunga mwaka ya 91, akairudisha na tundu ya kuenea kidole. Tangu pale, myaka tatu, Alphonsine hakumuitaka jina tena. Wakikutana ku robinet ya mayi, anasalimia ndoo ya Adrienne, anaacha mwenye ndoo.

Basi mu 94 Fidélie akapata muchumba, Blaise, mutoto wa bantu ba kusali sana, bale ba kulia mu maombi mpaka kuku za jirani zinakimbia. Bakwe bakatuma neno: siku ya samedi tunakuya kujionyesha.

Alphonsine akaangalia salon yake. Biti sita, kabati moja. Rangi ilitokaka zamani, moshi ya makala ya kupikia ikakaa pa fasi yake. Ku magazini, ku maduka, hapakuwa rangi hata ya kucha. Bwana yake Germain alikuwa amekaa pa kiti ya mubaya kupita zote.

"Unangojea nini?"

"Kampani ituite ku kazi."

"Ngojea ukisimama. Niko na lazima na hiyo kiti."

Akaenda Kakontwe, kule banachimba jiwe ya chokaa, akarudi na kitunga ya majiwe ya mweupe, ile ya kuvunjika, yenye hakuna muntu anaitaka. Akaitwanga mu kinu sawa muhogo. Kichungi ilikuwa na tundu, tunajua juu ya nani, basi akachekecha bunga ya jiwe na foulard yake, kitambaa ya kichwa ya misa. Akapika uji ya muhogo, nyepesi, ya kunata, akaichanganya na ile bunga, akakoroga mpaka inakuwa nzito sawa maziwa ya kulala. Ya kabati akatia bleu, bunga ya bluu ya kufulia manguo. Akapakala mara moja, jua ikakausha, akapakala tena. Biti ikakuwa mweupe pee, ya kutulia, bila kungaa, sawa yai.

Adrienne akatokeza kichwa juu ya lupango, ukuta ya kati ya nyumba zabo.

"Jirani! Hii bila bougie, bila mushumaa, itatoka! Pakala bougie juu yake, sugua na kitambaa. Ku Mulungwishi njo vile nilionaka banafanya."

Alphonsine akageukia mutoto yake. "Fidélie, unasikia kitu? Minye nasikia upepo tu."

"Mama, upepo inasema bougie."

"Ambia upepo iende kwanza kutafuta kichungi yangu."

Samedi bakwe bakafika. Blaise na muzee Jean, baba mukubwa yake, bote mbili mu costume ya mweusi, koti na suruali, na tantine Henriette, shangazi, ule mwenye neno yake njo ya mwisho mu ile jamaa, na robe, kanzu ya mweusi ya maombi, mupya, pasi ilipita mpaka mu mifuko. Bakakaa.

"Salon ya bantu ba usafi!" Henriette akasifu. Alphonsine akanyoosha shingo.

Germain akakohoa. "Bakwe..."

"Kwanza tusali," Henriette akasema, na bote bakasimama.

Alphonsine hufunga macho yote mbili ku kanisa tu. Mu nyumba yake anaacha moja wazi. Njo ile jicho ilionaka matako ya bakwe: mweupe, ya kuviringana, sawa miezi tatu imetoka ku mbingu siku moja.

Blaise naye akaona. "Tantine... nyuma yako."

Henriette akapeleka mukono, akaangalia kiganja. Amen haikutoka.

"Pemba! Balitupakala pemba!"

Pemba ni udongo mweupe ya bankambo, mababu ba zamani. Mapasa bakizaliwa, banakupakala. Ukishinda mambo, banakupakala. Henriette na kanisa yake balishaka kuitupa ku shimo. Muzee Jean, yeye, akacheka na meno yake yote ine. "Eh! Baraka hii! Nilipakaliwaka vile vile siku ya mapasa yangu!"

Ile ilikuwa kumwanga mafuta pa moto ya Henriette.

"Munasikia? Ni ya bankambo! Banataka kufunga mutoto wetu na fetishi! Blaise, tuende!"

"Ni jiwe ya Kakontwe, mukwe wangu!" Alphonsine akasema.

"Nani anapakalaka kiti jiwe? Jiwe ni ya kujenga!"

Henriette alisha kukamata sakoshi yake ya mukono, eko pa mulango. Fidélie analia. Germain eko bado kinywa wazi pa neno "bakwe".

Alphonsine akaangalia mutoto, akaangalia lupango. Akatoka inje.

"Weye, jirani."

Foulard ya Adrienne ilionekana juu ya lupango.

"Weye wa ngambo!"

"Minye ni upepo," Adrienne akajibu. "Upepo haiko na bougie."

Ndani, Fidélie akalia zaidi.

"Mama Simone," Alphonsine akasema, meno yamefungana. "Mama Simone, kuya unisaidie."

Adrienne alifika mbio, bougie alisha kuikamata mu mukono. Akamufungia Henriette njia.

"Tantine, ni fetishi gani inashindwaka na bougie? Angalia."

Akavuta kiti pa jua, akapakala bougie, akasugua na kitambaa mpaka jasho inamutoka.

"Sasa, papa Jean, kaa. Jizungushe."

Muzee akakaa, akajizungusha sawa iko ngoma. Akasimama. Henriette akainama pale nyuma yake, akapitisha kidole pa fasi ya suruali bunga ya kwanza haikugusa, akanusa kidole. Ilikuwa safi, bila bunga. Blaise akauma midomo juu ya kicheko.

"Hm," Henriette akasema. Akapangusa robe yake polepole. Akaangalia kabati. "Na hii bleu... inaweza kushika pa kabati yangu?"

"Tunapakalaka ya bakwe tu," Alphonsine akajibu.

Henriette akarudisha sakoshi chini. Germain akaanza tena: "Bakwe..."

Siku ya ndoa, Adrienne akaleta zawadi ya kufunga na ruban, kamba ya kupamba: kichungi ya bunga, mupya. Alphonsine akaikamata mbele ya bantu bote, akainyanyua pa jua, akafunga jicho moja, akatafuta tundu murefu murefu.

"Iko muzuri," akasema. "Hii."