Baba Anasoma Nyayo za Gari

Gari la kwanza la michezo nililoliona maishani lilipita kijijini kwetu Zagayu msimu wa pamba, nikiwa darasa la nne, nimekaa juu ya lundo la pamba uani kwetu. Lilikuwa jekundu, lenye milango miwili, tena la chini mno, hata dereva alionekana kama amekaa kwenye udongo. Mnunuzi wa pamba alikuja nalo, na kwa nini alileta gari la namna ile kwenye mbuga yetu, hadi leo sijui. Nilisahau kufunga mdomo. Vumbi lake lilipotua nilikuwa bado nimeduwaa, na mama aliniita mara tatu kabla sijamsikia.

Ndiyo maana, nilipoajiriwa maabara mjini Bariadi na kupata uwezo wa kununua gari, sikununua gari la watu wenye akili zao. Nilinunua jekundu, la milango miwili, lililokuwa limekwisha kupita mikono mingine kabla ya yangu. Wenzangu kazini walicheka hadi wakashika mbavu. Fundi wangu aliniuliza nimeona wapi uwanja wa mashindano hapa Bariadi. Mimi nikichokozwa huwa nanuna, na nikinuna sisemi na mtu. Huu ni mwaka wa kumi na moja nalo, na kila asubuhi ninapoliwasha bado kuna kitu kinaruka kifuani, kama siku ile juu ya pamba.

Lakini limezeeka. Rangi imechujuka, injini inagonga likipanda kilima, na chini linadondosha oili popote linaposimama. Mwaka huu fundi aliacha utani. Aliniambia injini ile itaniacha njiani, na hawezi kuniahidi kwamba itakuwa mwezi ujao au kesho.

Njia yenyewe ni moja tu. Tangu mama afariki, baba anaishi peke yake Zagayu, na kila Jumamosi naenda kumwona. Simu hataki hata kuiona. Kaka zangu walihamisha ng'ombe wote wakawapeleka kwao, wakasema mzee amekula chumvi ya kutosha, apumzike. Akabaki na kuku, fimbo na zizi tupu. Gari likifa ina maana Jumamosi itapita bila mtu kufika kwake, na hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha.

Basi nikapata habari za gari jingine, huko Nyalikungu, Maswa. Lilikuwa la aina ileile ya langu, ila jipya zaidi kwa miaka mingi, la bluu iliyoiva, kioo hakina hata mkwaruzo. Nililizunguka nikiwa nimeshika mikono nyuma ya mgongo kwa kuogopa kuligusa. Mwenyewe, kijana mtanashati mwenye suruali iliyopigwa pasi ikasimama, alikubali kuchukua langu kuukuu nami nimwongezee akiba yangu yote. Nikasema sawa. Kisha nikamwambia kitu ambacho nadhani hakuwahi kuambiwa na mteja: kwanza baba yangu alione likitembea.

Kwetu ilikuwa hivyo. Hakuna maksai aliyeingia zizini kwa kutazamwa akiwa amesimama. Baba alimwambia mwenye ng'ombe ampitishe kwenye vumbi laini, akimaliza, baba hamtazami ng'ombe tena, anatazama chini. Nikiwa mdogo nilimwona akimtafuta mtamba wetu aliyepotea, kwenye njia ya lambo la kunyweshea mifugo, ambako makundi ya kijiji kizima yalikuwa yamepita asubuhi hiyo. Palikuwa pamechafuka tu, kwato juu ya kwato. Yeye akainama, akasema amepita hapa, mguu wa nyuma unamuuma. Jioni alirudi naye, anachechemea. Nilimwogopa baba wiki nzima, kwa namna mtu anavyoogopa kitu kikubwa kinachompenda.

Hata hivyo nitasema ukweli. Sikumpelekea gari lile kwa sababu niliamini atanisaidia. Nilimpelekea ili ajisikie bado anaulizwa. Ilikuwa heshima ya juujuu.

Tulifika Jumamosi asubuhi, mimi na jekundu langu mbele, kijana nyuma na la bluu. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kando ya ua wa minyaa. Nilipiga goti, tukaamkiana kwa mwangaluka, salamu yetu ya Kisukuma ya asubuhi, akauliza habari za Bariadi, za kazi, za mvua, zote kwa utaratibu wake usioharakishwa. Kijana alifungua boneti akaanza kueleza injini. Baba alimsikiliza kwa adabu, lakini hakuinuka kwenda kutazama. Alipomaliza, baba alimwomba aliendeshe polepole kulivuka zizi la zamani, moja kwa moja, asikate kona.

Zizi lile, kwa kukanyagwa miaka yote na ng'ombe waliokwisha kuondoka, lina vumbi laini kuliko unga. Gari la bluu likapita, zuri, halisikiki kabisa. Baba alichukua fimbo akaingia zizini, ameinama. Alifuata alama za matairi hadi mwisho, akarudi nazo. Kijana alinitazama akitabasamu, nami nikatabasamu, Mungu anisamehe. Kisha baba akaniita.

"Ng'wanone, mwanangu, njoo uone," alisema. "Huyu alivunjika nyonga."

Alielekeza fimbo. Upande wa kulia, alama ya tairi la nyuma ilikuwa imetoka nje ya alama ya tairi la mbele, upana wa vidole viwili. Upande wa kushoto ilikuwa imeingia ndani, vidole vilevile viwili. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo wa zizi hadi mwisho, haikubadilika.

"Wamempaka rangi tu," akasema. "Anatembea upande."

Kijana alicheka. Kisha akaacha kucheka, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ile, akapima kwa vidole. Mimi kazi yangu ni kuinamia hadubini siku nzima, nikitafuta vitu ambavyo macho ya watu hayavioni. Nimesoma, nina vyeti vimetundikwa ukutani. Na hapo mbele yangu palikuwa na mistari minne kwenye mavumbi, na mzee asiyewahi kushika stelingi alikuwa ameisoma kama barua. Nilitaka kumpigia goti mara ya pili.

Kijana aliapa kwamba yeye alilinunua hivyo hivyo, na uso wake ulinifanya nimwamini. Wiki iliyofuata alilileta Bariadi mwenyewe kwa fundi wangu. Likainuliwa, na chini ya rangi nyeusi ukakutwa mshono wa kulehemu, mahali ambapo gari lilipinda katika ajali na kunyooshwa likakataa kunyooka. Fundi akauliza kama mzee anaweza kuja kufanya kazi kwake.

Lakini siku ile, kijana alipokwisha kuondoka, nilibaki zizini na baba. Nikamwuliza kama anataka kuona na nyayo za langu.

"Huyo namjua," alisema, akatangulia kutoka.

Nilimfuata. Tulipita ua wa minyaa, tukashika njia inayokwenda barabarani, hadi kwenye kona yenye mti wa mgunga, ambako kutoka nyumbani huwezi kuonekana. Hapo akasimama. Chini palikuwa na doa jeusi la oili, kavu, limeshikana na udongo.

Pale ndipo ninaposimama. Kila Jumamosi nikimuaga baba naondoka nikipunga mkono, nacheka, napiga na honi. Nikifika kwenye mgunga nazima gari, kwa sababu sioni njia kwa machozi, nakaa mpaka yaishe ndipo naendelea. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilijua hakuna anayeona.

"Ukikaa kidogo, linakuwa dogo," baba alisema, akilizungushia fimbo doa lile bila kuligusa. "Siku tulipoanua matanga ya mama yako, lilikuwa kama sinia."

Nilitazama chini, kwa mara ya kwanza nikajaribu kutazama anavyotazama yeye. Kando ya doa palikuwa na jiwe bapa, limeng'aa juu kwa kukaliwa. Kulizunguka jiwe palijaa vitundu vidogo vya ncha ya fimbo, vipya juu ya vya zamani, vingi kuliko ningeweza kuhesabu. Nilisoma polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza, hadi nikamaliza. Nikakaa kwenye lile jiwe.

"Ukishaondoka nafuata mpaka hapa," alisema. "Na mimi nakaa."

Hakusema ninunue gari jipya wala nisinunue. Aliniambia tu ng'ombe ni wangu, niamue mwenyewe. Tulikaa hapo hadi jua likawa kali, yeye amekataa nimpishe kwenye jiwe, ameegemea fimbo yake, nami nikalia mbele yake kwa mara ya kwanza tangu msiba, bila haraka. Kisha tukarudi nyumbani tukala michembe ya viazi vitamu na karanga.

Akiba yangu niliipeleka kwa fundi. Amefunga injini nyingine ndani ya jekundu langu, breki mpya, springi mpya, na sasa kilima chochote linapanda bila kugonga. Alipokuwa anamalizia alinitolea kichwa chini ya gari, akasema bado kuna ule mpira unaovujisha oili, ni kazi ya nusu saa tu, aubadilishe.

Nikamwambia huo auache.