Chuchu Nne za Ngamia

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nimechuchumaa nyuma ya boma letu nje ya Habaswein, nikiandika hesabu mchangani kwa kijiti. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni. Mwalimu alikuwa amenisifu mbele ya darasa zima, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Jana nilipoona daftari lako lina alama nyekundu kwenye nusu jumlisha robo, ulidhani nimekasirika. Sikukasirika hata kidogo. Nilijiona mimi mwenyewe na kijiti changu.

Mwaka ule tulikuwa na ngamia mmoja tu mwenye maziwa, na alikuwa wangu, uzao wa yule niliyepewa siku niliyozaliwa, maana kwetu mtoto akizaliwa hutengewa mnyama wake. Alikuwa na ndama jike mdogo. Sasa, wewe uliyezoea maziwa ya pakiti hapo Garissa pengine hujui desturi yetu. Kiwele cha ngamia kina chuchu nne. Mbili tunazifunga kwa kamba laini ya magome ili ndama asizinyonye, na hizo ni za watu. Mbili tunamwachia yeye. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa hiyo nayo ni hesabu, kwa hiyo sikuihesabu.

Ndugu yake mama yangu ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma. Nilimwita abti, naye aliniita abti, kama tunavyoitana mjomba na mpwa. Aliondoka kwenda kutafuta malisho, akaniachia kazi ya kukama.

Siku ya pili akaja jirani yetu aliyekuwa amejifungua. Mbuzi wake walikuwa wamekauka, na mtoto alilia kutwa. Nilimhurumia, nikamwahidi kumfungia chuchu ya tatu. Ayeeyo, bibi yangu, alikuwa ameketi mlangoni akitusikiliza. Hakuwa na jino hata moja, na maziwa yale ndiyo yaliyokuwa chakula chake. Aliniuliza ndama atabaki na nini.

Nikakimbilia mchanga. Sisi nusu, jirani robo. Nikajumlisha moja na moja za juu, nikapata mbili. Nikajumlisha mbili na nne za chini, nikapata sita. Mbili juu ya sita, yaani thuluthi. Nikamwambia Ayeeyo kwa madaha kwamba watu tutachukua thuluthi moja tu, na ndama atabaki na thuluthi mbili.

Hebu fikiri, mwanangu. Tulikuwa tukichukua nusu. Nikatuongezea. Halafu mchanga ukaniambia fungu letu limepungua, wala sikushtuka. Ayeeyo hakuwahi kukaa darasani. Alinyamaza kwa sababu aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kila asubuhi nilifunga chuchu tatu kwa mikono yangu hii, nikamwachia ndama moja, na kichwani nikaendelea kusema thuluthi mbili. Baada ya siku nane ndama alishindwa kuinuka kumfuata mama yake. Mbavu zake zote zilionekana. Nilidhani ni maradhi, nikamsomea dua. Ndama akifa, mara nyingi mama naye hukataa kukamwa, na hapo Ayeeyo angekosa chakula kabisa. Niliogopa, nikalia.

Abti alirudi mchana wa siku ile ile. Hakupaza sauti. Aliinama chini ya ngamia, akazitazama kamba, kisha akaniita. Nikamweleza hesabu yangu, nikaiandika upya mchangani nikiamini kuwa akiiona ataelewa. Akaweka kidole kwenye ile sita, akaniuliza:

"Abti, ngamia huyu ana chuchu ngapi?"

"Nne."

"Umefunga ngapi?"

"Tatu."

"Basi hii sita umeitoa kwa ngamia yupi?"

Nikaifuta ile sita kwa kiganja. Abti alifungua kamba zote, akasema ndama anyonye chuchu zote nne mpaka apate nguvu. Yeye mwenyewe akaenda kumwombea jirani maziwa kwenye boma la ndugu zetu, nayo yakamtosha yule mzazi tu. Siku kumi na mbili Ayeeyo alikunywa chai ya rangi na uji mwepesi wa maji. Kila nilipompelekea kikombe nilishindwa kumtazama usoni. Hakunilaumu. Mara moja tu alinishika mkono akasema, "Siku nyingine usinipe jibu. Nipeleke nikaone."

Ndama aliinuka, alhamdulillahi. Siku tulipofunga tena zile chuchu mbili, nilimwongoza Ayeeyo mpaka kwa ngamia. Macho yake yalikuwa yamefifia, basi akazigusa moja moja kwa vidole, mbili zenye kamba, mbili zisizo na kamba. Ndipo akapokea chombo akanywa.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuusia hivi. Kabla ya kugawa, uliza kizima ni kipi, ukitazame. Nusu na robo hazijumlishiki mpaka uzikate vipande vinavyolingana: nusu ni robo mbili, ongeza moja, ni tatu. Inabaki moja, na ujue kuna mtu au mnyama anayeitegemea hiyo moja. Jibu likipingana na macho yako, rudi ukatazame, hasa kama utamwambia mtu anayekuamini. Usione haya kuhesabu kwa vidole, Ayeeyo alihesabu hivyo na hakukosea. Kesho asubuhi tukila anjera, ule mkate wetu mwembamba, ikate vipande vinne unijumlishie kwa mkono, na tutarudia kila siku mpaka uchoke kuniona.

Mwenyezi Mungu akufungulie akili, akuonyeshe kilicho mbele yako kabla hujakiandika, na wanaokutegemea wasishinde njaa kwa kosa la kalamu yako. Amin.