Mikono ya Kushoto Mia na Ishirini

Mkwe wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Mkasi kwa sababu hakukosea kukata. Niliwahi kumwona akikata suti huku anasinzia. Nzi akapita juu ya meza, Mkasi akampunguza bawa moja, na nzi akaenda zake bila habari. Wanaosema naongeza chumvi hawakuwapo.

Kisha ikaja barua. Mimi sikusoma, ila barua mbaya naijua kwa jinsi watu wanavyoikunja. Vyumba vya soko vitabomolewa, na cha Mkasi kimo; wapangaji wahame kabla ya mwisho wa mwezi. Mkasi alikuwa na kazi moja kubwa: mashati sitini ya shule. Akiyamaliza, atakodi chumba kingine. Asipoyamaliza, ufundi umekwisha, na binti yangu na wajukuu zangu watakula hewa.

Usingizi ulimhama kabla yeye hajahama. Akawa anakasirikia uzi, kikombe, mtoto akikohoa. Nikamburuta zahanati. Muuguzi alimpima presha, akaitazama mashine, akampima tena.

"Baba, vidonge unakunywa?"

"Nakunywa."

"Kila siku?"

"Kila... nikikumbuka."

Mwongo mkubwa! Alikuwa akinywa kimoja kwa siku tatu, ili vimfikishe mwisho wa mwezi bila kununua vingine. Njiani nikamwambia, "Mwanangu, unabana vidonge upate chumba. Nani atakaa humo?"

"Mama, nikimaliza mashati nitapumzika."

Sasa lisikieni kosa lenyewe. Kitambaa kile kilikuwa na uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Kitambaa cha hivyo fundi hukilaza uso kwa uso, ili akikata, mkono wa kushoto wa shati utoke pamoja na wa kulia. Hata aliyejifunza juma moja anajua. Asubuhi ile Mkasi alikilaza chote uso juu, akakata mikono yote.

Binti yangu, anayemsaidia kuunga, akachukua mkono mmoja, akachukua wa pili, akailinganisha. Akamwaga fungu lote sakafuni. Mia na ishirini, yote ya kushoto.

"Baba watoto," akajaribu utani, "hao wanafunzi wameumbwaje?"

Mkasi hakucheka. Jasho lilimtoka na kulikuwa na baridi.

Nikahesabu kwa vidole vyangu hivi hivi. "Sitini inafaa. Kasoro ni sitini tu, hicho ni kitambaa kidogo. Nina kuku sita, nakwenda kuwauza."

"Mama, nimekwisha."

"Hujaisha. Kunywa maji."

Maji aliyanywa, maneno hakuyasikia. Aliyebanwa na dhiki huchungulia tundu la ufunguo, na mlango uko wazi.

Nikauza kuku. Niliporudi, mezani palikuwa na jora jipya zito, la kushona mashati yote upya. Nikatazama kona. Cherehani haikuwapo. Sakafuni zilibaki alama nne za miguu yake.

"Iko wapi?"

"Nimeiuza, mama. Nimenunua kitambaa."

"Utashona kwa nini, kwa meno?"

"Nitaazima kwa fundi jirani."

"Jirani yupi? Si alihama juzi, na meza yake ukambebea wewe?"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Akainua mkono wa kulia ajishike paji la uso, haukufika. Mdomo ukaenda upande, akateleza chini taratibu, akavuta jora likamwangukia.

Hakufa. Kilichokufa ni upande wa kulia. Kazi ya mashati ilipewa fundi mwingine. Soko nalo lilibomolewa siku ile ile waliyosema. Ningependa kuwaongopea kwamba lilisalimika, lakini vumbi lake bado liko kwenye sufuria zangu.

Pesa ya kuku imekwenda kwenye vidonge. Sasa anakunywa kila siku, akumbuke asikumbuke, maana namsimamia mimi na mwiko. Binti yangu anapinda na kutia vifungo nguo za watu kwa mkono, mlangoni.

Juzi nilimkuta Mkasi amelivuta lile fungu la mikono kutoka uvunguni. Ameuingiza mkono wake mzima, wa kushoto, katika mmoja, anauangalia mshono usioungwa na kitu.

"Umekutosha," nikamwambia. "Na akiba unayo mia na kumi na tisa."

Akacheka. Uso ulicheka nusu tu, na machozi yakatoka macho yote mawili.