Nilimtuma Msichana wa Hoteli Ammwagie Maji Mchumba wa Binti Yangu

Naomba jina langu libaki na wenye ukurasa huu, lisifike Arua kabla sijajua la kufanya. Nina miaka sitini na sita. Nilikuwa mwalimu, sasa nimestaafu, naishi hapa hapa Arua, upande wa Ediofe, na binti yangu wa mwisho. Hapa nitamwita Driciru. Mama yake alifariki yeye akiwa bado shuleni. Majina mengine pia nimeyabadilisha.

Tangu binti zangu wakiwa wadogo niliwafundisha jambo moja. Mwanaume akija kukuchumbia, usitazame anavyosema na wewe, maana kwako ana haja. Tazama anavyosema na yule anayemletea chakula, ambaye hana la kumpa wala la kumnyima. Dada zake wawili walichagua waume kwa kipimo hicho na mpaka leo wananishukuru. Kwa hiyo Driciru aliponiambia kuna kijana wa Koboko, Taban, fundi wa sola, anayetaka kuleta wazee wake, nilisema kwanza nile naye.

Niwaeleze wasomaji wa mbali. Katika hoteli zetu za chakula, msichana hupita na jagi na beseni. Hupiga goti akammwagia kila mtu maji mikononi, akianza na mkubwa. Ni jambo la muda mfupi sana, na wengi hawamtazami hata usoni. Hapo ndipo nilipoweka mtego wangu.

Siku ya kula na Taban nilifika Koboko mapema. Mwenye hoteli ni mama mmoja mkali ambaye nilimfundisha shule ya msingi, na kwake neno langu bado ni neno la mwalimu. Sikumwambia kitu. Nilimfuata msichana wake wa kazi, Kiden, kule nyuma kwenye pipa la maji. Nikamwambia nitakaa na kijana, na akimnawisha ammwagie mapajani, ionekane kama bahati mbaya.

Aliniangalia kama mtu anayesubiri nicheke. "Mwalimu, mama wa hapa iko mukali sana."

"Mimi niko hapa. Usiogope."

"Lakini nguo ya mutu…"

"Binti, ni maji tu."

"Sawa, Mwalimu."

Hakukubali kwa kupenda. Alikubali kwa sababu msichana wa umri wake hamkatalii mzee wa umri wangu. Hilo nalijua vizuri, nimelifundisha mwenyewe darasani miaka mingi.

Taban alikuja na suruali nyeupe iliyopigwa pasi. Kiden alipiga goti, akaninawisha mimi, akamgeukia yeye, na jagi zima likaishia mapajani. Kijana aliruka, kisha akaangua kicheko. "Dada, leo umeniogesha! Hata asubuhi sikupata maji mingi hivi." Akalishika beseni lisianguke, akamuuliza kama na yeye amelowa. Nikasema kimoyomoyo, mkwe nimempata.

Kumbe mwenye hoteli alikuwa amesimama mlangoni. "Wewe Kiden! Macho yako iko wapi? Unamwagilia mugeni kama sukuma wiki?"

"Mama, si makosa yake," Taban akasema. "Mimi nilisukuma mukono yake."

"Kijana, mimi si kipofu. Tena mbele ya mwalimu wangu! Toa hiyo aproni. Rudi kwenu Midia, umwagilie mihogo ya mama yako."

Kiden akanitazama. Alinitazama tu, kwa muda wa kutosha mimi kufungua mdomo. Nami nilikuwa na kitambaa mkononi, nikaendelea kufuta vidole vilivyokwisha kukauka. Nilijiambia kwamba nikisema sasa, kipimo kitaharibika. Yule mama akaleta enyasa, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa simsim, yaani ufuta, kwa mikono yake mwenyewe, akapiga goti, akaniomba radhi. Nikala.

Nyumbani nilimwambia Driciru, "Huyu ni mtu." Tukawapa wazee wa Taban ruhusa waje mwisho wa mwezi huu.

Sasa ni wiki ya tatu, na Taban hajasahau. Amerudi pale hotelini mara mbili kumwombea msichana, akakataliwa. Juzi alinipigia simu. "Mzee, yule mama anakuheshimu. Twende mpaka Midia tumchukue yule dada, umuombee. Wewe ulikuwa hapo, uliona mimi ndiye nilimsukuma." Mnaona? Hata kwangu anaushikilia uongo ule, ili amlinde mtu asiyemjua.

Driciru aliposikia alifurahi. "Baba ataenda. Si ndiye alitufundisha?" Amelipiga pasi koti langu, amelitundika mlangoni.

Tangu hapo situlii. Namimina chai, inapoa nikiitazama. Nafungua kitabu, nasoma mstari mmoja mara nne. Naweza kwenda Midia nikanyamaza, na labda Kiden naye atanyamaza, kwa kuwa mimi bado ni mzee na yeye bado ni msichana. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi, kwamba atanyamaza, na mimi nitarudi nyumbani nikiitwa mtu mwema.

Najiuliza pia: kama mchumba wa binti yangu angekaa pale akifuta vidole, msichana akifukuzwa kwa jambo alilomtuma yeye, ningemshauri nini binti yangu? Jibu ningelitoa kabla sahani hazijaondolewa mezani.

Taban anakuja kesho asubuhi na pikipiki. Wanangu mnaosoma hapa, nishaurini. Nimwambie hapa nyumbani, Driciru akisikia, au nimwambie njiani nikiwa nyuma yake, ambako hatauona uso wangu? Msikawie kunijibu. Koti liko pale mlangoni, na leo nimeshalivaa na kulivua mara mbili.